Maua ya Enara

"Mwambie mumeo maua ya Enara yamefika."

Bittori, muuza maua wa soko la Ordizia, aliyasema hayo huku akifuta mikono kwenye aproni, kwa sauti ya mtu anayetoa salamu tu. Jaione alikuwa akimkatia mteja kipande cha jibini cha kuonja. Kisu kikaishia katikati.

"Maua ya nani?"

"Ya Enara. Kila mwaka majira haya namwekea Xanti boksi moja, haya madogo meupe, ya kupanda. Mwaka wa kwanza nilimuuliza ni ya nani, akasema ya Enara. Mlipooana nikajua ndiye wewe. Sasa leo nasikia wanakuita Jaione." Bittori akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Au ndilo jina lako la nyumbani?"

"La nyumbani, ndiyo," Jaione akasema. "Nipe tu, nitampelekea."

Uongo huo ulimtoka haraka hata yeye mwenyewe akajishangaa. Lakini mwanamke aliyeolewa akishikwa na wasiwasi katikati ya soko, jambo la kwanza ni kuhakikisha soko lote halijui. Alilipokea boksi, akalisukuma chini ya meza kwa mguu, akamkatia mteja jibini lake na kumtabasamia vizuri kabisa. Moyoni alikuwa anaungua.

Maana jina lile hakulisikia leo kwa mara ya kwanza.

Kipupwe kizima, yeye na Xanti walikuwa wakitafuta jina la mtoto. Ni mtoto wa kike. Joxepa, mama mkwe, alilitazama tumbo mara moja tu akatoa hukumu, na katika nyumba ya Iturgain hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumpinga Joxepa. Basi kila jioni mezani Jaione alitaja jina na maana yake, na Xanti alilitafutia kasoro.

"Haizea," Jaione alisema siku moja. Upepo.

"Huyo atafungua milango yote na hataifunga hata mmoja."

"Itsaso." Bahari.

"Bahari iko wapi huku milimani? Bora tumwite Zizi."

"Amets." Ndoto.

"Atalala mpaka saa sita mchana kama mjomba wangu."

"Nahia." Tamanio.

"Na mimi nitalitamkaje hilo mbele ya padri?"

Jaione alicheka mpaka mtoto akampiga teke. Alilipenda sana lile la upepo, na alijua mumewe akitania namna ile mwisho wake hukubali. Halafu Jumapili iliyopita, wakiwa wamekaa kula, Xanti aliweka kijiko chini, akainamia sahani yake, akasema bila utani wowote, "Tumwite Enara."

Mbayuwayu. Ni jina zuri, Jaione hakukataa. Lakini Joxepa aliuangusha upawa ndani ya sufuria, akainuka, akatoka nje, asirudi mpaka chakula kilipopoa. Xanti naye hakumfuata mama yake wala hakueleza neno. Tangu siku hiyo wale wawili walikuwa wakipishana jikoni wamenuna, na Jaione akajiambia ni mambo ya mama na mwana, yatapita.

Sasa alikuwa na boksi la maua miguuni.

Dada yake, Nekane, alikuja kutoka Beasain kumsaidia kufunga meza. Maana ya Nekane ni mateso, na dada mtu alilitendea haki jina lake. Jaione hakupanga kumwambia chochote, lakini Nekane alimtazama usoni mara moja tu.

"Amefanya nini?"

"Nani?"

"Jaione, mimi ndiye niliyekulea. Amefanya nini?"

Akamweleza. Nekane aliinama, akayatazama yale maua, akainuka taratibu.

"Sikiliza. Mwanaume hana muda wa kubuni jina la mtoto. Akikuletea jina, ujue kalitoa mahali. Mume wangu alitaka wetu wa pili aitwe Edurne. Jina tamu, aliniambia, maana yake theluji. Nikachunguza. Edurne alikuwa anakata tiketi stesheni."

"Ikawaje?"

"Mtoto anaitwa Miren, na theluji ile niliiyeyusha mwenyewe."

"Xanti si mtu wa hivyo."

"Hakuna aliye mtu wa hivyo mpaka siku anapokuwa. Kila mwaka, mdogo wangu. Kabla hajakujua na baada ya kukuoa. Huyo si wa kupita, huyo ana mizizi." Nekane alimshika mkono. "Muulize. Usipige kelele, mwangalie macho tu. Akigeuza uso, chukua nguo zako uje kwangu, mtoto atazaliwa Beasain na jina utampa wewe."

Jaione alirudi Iturgain akiendesha polepole, boksi likiwa kwenye kiti cha pembeni. Kila kona alilitupia jicho kana kwamba lingeweza kumjibu. Enara. Ana nywele gani? Anajua kucheka? Anajua kwamba Xanti akila maharage lazima ayapondeponde kwanza kwa uma?

Alimkuta mumewe chumba cha jibini, mikono imelowa maziwa, shati limekunjwa hadi kwenye viwiko. Xanti aligeuka, akamtazama kama alivyomtazama siku ya kwanza kwenye ngoma za sikukuu ya Beasain, macho yakianza kucheka kabla ya mdomo. Na Jaione, pamoja na hasira zake zote, alikaribia kumrudishia tabasamu. Hilo lilimwongezea hasira.

"Leo umewahi, mpenzi. Umechoka?"

"Lile jina," alisema Jaione. "Ulilitoa wapi?"

"Jina gani?"

"Unalijua."

Xanti akarudi kwenye jibini lake. "Ni jina la ndege tu. Mbayuwayu wamejaa hapo juu ya mlango, wewe mwenyewe unawaona."

"Nyumba hii ina mbayuwayu, kondoo, mbwa na nyuki. Mbona hukusema tumwite Nyuki?"

Alicheka, akainua uso, akakuta mkewe hacheki.

"Unamjua mtu anayeitwa hivyo, Xanti?"

Xanti, ambaye tangu wajuane hakuwahi kumjibu mkewe bila kumtazama, aligeuza uso ukutani.

"Simjui," alisema.

Jaione alitoka, akarudi na lile boksi, akaliweka katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe cha kukamulia. Maua yalitikisika. Xanti akaliacha jibini.

"Bittori ameniamkia kwa jina la mwenzangu mbele ya wateja," Jaione alisema. "Nikaitika. Nimedanganya kwa ajili yako, sasa nilipe kwa ukweli. Huyu ni nani?"

"Jaione, keti kwanza."

"Nitasimama. Ni nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siri si yangu. Ingekuwa yangu ungeijua siku ile ile niliyokuchumbia."

"Anakaa wapi?"

"Hapa hapa karibu," Xanti alisema, na papo hapo akafumba macho, maana lilikuwa limemponyoka.

Jaione alilishika tumbo lake kwa mikono miwili. Karibu. Basi si Beasain wala Tolosa, ni mtu wa nyumba za hapa hapa, pengine mtu anayemsalimia kila Jumapili mlangoni pa kanisa na kumuuliza anaendeleaje.

"Naapa kwa mtoto wetu huyo, hakuna mwanamke mwingine."

"Usimwapie aliye tumboni mwangu. Apia tumbo lako."

"Nipe muda nizungumze na mama."

"Mama anajua?"

Xanti akainamia jibini lake, na hilo likawa jibu. Jaione aliona mambo yote ya mwaka mzima yanajipanga yenyewe. Siku aliyoweka beseni la kufulia nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, asubuhi yake akalikuta limehamishwa bila neno. Siku alipochukua jembe apande pilipili pale pale ukutani, mahali penye jua zuri, Joxepa akaja mbio na umri wake ule, akamnyang'anya jembe, akaondoka nalo. Alidhani mama mkwe hampendi kwa sababu ni msichana wa mjini. Kumbe alikuwa amemwekea mtu mwingine nafasi, na yeye Jaione alikuwa mgeni aliyepitiliza siku zake.

"Nakupenda, Xanti," alisema. "Nakupenda vibaya sana. Ndiyo maana siwezi kubaki hapa kukuangalia unageuza uso. Naenda kwa Nekane. Mtoto nitamzalia huko, na jina la mtu wako hatalichukua."

"Usiende hivyo."

"Basi nitajie."

Alimtazama. Machozi yalimlenga Xanti, na Jaione alikaribia kumkumbatia. Badala yake alilichukua boksi lake, akaenda kukusanya nguo.

Joxepa alikuwa jikoni akichambua maharage meusi, mgongo wima, mtandio mweusi wa ujane kichwani. Alisikia hatua, akaona begi, hakuinuka.

"Unasafiri?"

"Naondoka, mama. Nimekuja kukuaga kwa heshima, maana sikufundishwa vingine." Jaione aliliweka boksi mezani, katikati ya maharage. "Haya ya mwanao. Anunue au asinunue tena, mimi hayanihusu. Na huyo mwenyewe akihamia hapa, umwambie ule mlango wa chumbani unakwama wakati wa mvua, ausukume kwa bega."

Mikono ya Joxepa ilikuwa imesimama juu ya maharage. Hakuwa akimtazama Jaione. Alikuwa akiyatazama maua.

"Nani kanunua haya?"

"Nimekwambia, mwanao."

"Xanti?"

"Kila mwaka, mama. Bittori wa sokoni anamwekea. Ya Enara, ndivyo anavyomwambia. Usijifanye hujui, na wewe ndiye unayewafichia."

"Kila mwaka," Joxepa alirudia polepole. Alinyoosha kidole, akaligusa ua moja, dogo, kwa woga, kana kwamba angeungua. "Nilidhani yanajiotea."

Sauti haikuwa ile ya mama mkwe ambayo Jaione aliizoea, ile ya kuamrisha kondoo na watu kwa pamoja. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa ghafla. Wasiwasi wa Jaione, uliokuwa umesimama imara tangu asubuhi, ukayumba kidogo.

"Yanajiotea wapi, mama?"

Joxepa aliinuka. Alilichukua boksi akalikumbatia kifuani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Jaione alimfuata na begi lake mkononi, bila kujua kwa nini. Walizunguka nyumba mpaka kwenye ukuta wa jikoni, chini ya ukingo wa paa, pale pale penye ugomvi wa jembe. Matone ya mvua za miaka mingi yalikuwa yamechimba mstari kwenye udongo sambamba na ukuta, na kando ya mstari huo, kwenye majani mafupi, palikuwa na maua machache meupe ya mwaka jana yaliyoanza kufufuka. Jaione alikuwa amepita hapo mara nyingi bila kuyaona.

"Hapa ndipo uliponinyang'anya jembe," alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani unanichukia."

"Nilikuwa na hofu. Ulikuwa unalipiga kwa nguvu." Joxepa aliweka boksi chini. "Kabla ya Xanti nilizaa mwingine. Wa kike. Katika chumba hicho mnacholala. Hakulia hata mara moja. Padri akasema asiyebatizwa hana jina wala hana nafasi makaburini. Basi baba yake akachimba hapa, walipolala wengine wa nyumba hii waliozaliwa kimya. Ndivyo walivyofanya wazee wetu. Mtoto wa nyumba hatolewi nje ya paa. Mvua ikinyesha, maji ya paa yanamdondokea, na hayo ndiyo maji yake ya ubatizo."

Jaione aliliachia begi likaanguka.

"Sikuruhusiwa kumpa jina, nikampa," Joxepa aliendelea. "Kimoyomoyo. Siku ile mbayuwayu walikuwa wamerudi, wanapiga kelele hapo juu, na mimi nilikuwa nimelala nawasikiliza, nasema angalau wao wana sauti. Nikampa jina lao. Sikumwambia mtu. Padri hakujua, mume wangu hakujua. Jumapili mwanangu alipolitamka mezani nilidhani nimeanza kusema peke yangu uzeeni. Siku zote hizi naogopa hata kufungua mdomo."

"Baba alijua."

Xanti alikuwa amesimama kwenye pembe ya ukuta, mikono bado imelowa maziwa. Hakusogea.

"Alikusikia ukiwa kitandani na homa, baada ya kujifungua. Ulimwita usiku kucha, mama. Alipoanza kupanda maua nilikuwa mdogo, nikamkuta, akaniambia jina na akaniapisha. Alisema, mama yako akijua tunajua, atakuwa hana tena kitu chake peke yake. Alipofariki nikaendelea mimi."

"Na mimi nikadhani yanajiotea," Joxepa alisema tena. Aliketi kwenye gogo la kuni, akaufunika uso kwa aproni. Mabega yake yalitikisika bila sauti yoyote.

Jaione alimgeukia mumewe. Walitazamana. Yote aliyoyasema chumba cha jibini yalimrudia, neno kwa neno, akaona haya.

"Ulisema humjui," alisema taratibu.

"Simjui. Sikuwahi kumwona."

"Na ulisema yuko karibu."

"Yuko karibu."

"Mpumbavu wewe. Ningeondoka, ujue. Nekane ameshatandika kitanda."

"Ningekufuata mpaka Beasain, nikalala mlangoni kwa Nekane mpaka animwagie maji," Xanti alisema. Alisogea, akamshika mkono kwa vidole vilivyonuka maziwa. "Nilitaka jina lile lisikike ndani ya nyumba hii, Jaione. Liitwe kwa sauti, likemewe, liambiwe njoo ule. Mara moja tu. Nilifikiri mama angefurahi."

"Hapana," Joxepa alisema kutoka nyuma ya aproni.

Wote wakageuka. Alikuwa ameiteremsha aproni, macho mekundu, na ile sauti ya kuamrisha imerudi nusu.

"Jina lile lina mwenyewe. Ni kitu pekee nilichompa. Sitampokonya nimpe mwingine, hata akiwa mjukuu wangu. Huyo mtafutieni lake."

"Sawa, mama," Xanti alisema kwa unyonge.

"Lile la upepo nililipenda," Joxepa akaongeza. "Mlilitaja wakati wa theluji. Nilikuwa naosha vyombo, si kwamba nilikuwa nasikiliza."

Jaione alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Haizea. Alilitafutia kasoro jina hilo machoni pa mumewe, asiione, akaelewa kuwa limekubaliwa. Xanti aliliokota begi, akalitundika begani kwake, mbali na mkono wa mkewe, kama mtu asiyetaka lionekane tena.

Kisha Jaione alifanya jambo ambalo mjamzito aliyekaribia siku zake hafai kulifanya. Aliinama, akapiga magoti kwenye majani yenye unyevu, akatoa mche wa kwanza kwenye boksi. Hakuomba jembe. Alichimba kwa vidole, juujuu, kwa adabu, kando ya mstari wa matone.

"Utajichafua," Joxepa alisema.

"Nimeshajichafua, mama. Njoo unionyeshe nisipande vibaya."

Joxepa akaja akapiga magoti pembeni yake, kwa tabu, akimwegemea begani. Walipanda bila haraka. Juu yao mbayuwayu walitoka na kuingia kwenye viota vyao vya udongo, na Xanti akasimama na lile begi begani, hajui pa kuweka mikono.

"Akizaliwa," Jaione alisema, akishindilia udongo, "siku ya kwanza nikitoka nje naye, nitamleta hapa kabla ya kwenda popote. Nitamwambia, Haizea, mwamkie shangazi yako."

Mkono wa Joxepa ukasimama juu ya udongo.

"Nani wake?"

"Shangazi yake. Si dada wa baba yake? Kwa hiyo ni nani?"

Hakuna aliyewahi kumwita yule mtoto kitu chochote. Hakuwa marehemu, hakuwa binti, hakuwa hata dada wa mtu. Joxepa aliinamia yale maua meupe mpaka pindo la mtandio wake likagusa udongo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mbayuwayu akalisema jina kwa sauti, wazi, mwanawe na mkwewe wakisikia.

"Umesikia, Enara?" alisema. "Umekuwa shangazi."